Mistari Miwili ya Juu

Mchuuzi wa tumbaku aliyepita hapa Kwashemshi wiki iliyopita ndiye aliyeniambia kwamba Mzee wa Mizabibu amefariki. Aliniambia huku akifunga mzigo wake, bila kunitazama, kwa sababu hakujua kuwa nilimfahamu.

"Yule mzee wa kule Kabuku aliyekuwa akila udongo," alisema. "Tulimzika kabla ya masika."

Niliendelea kupepeta mahindi. Baadaye nilipotazama chini nikaona nimemwaga makapi na punje pamoja.

Hakuwa akila udongo. Alikuwa akiuonja, kisha akautema. Nataka watu walijue hilo kwanza. Mimi nilisoma miaka mitatu tu katika shule ya misheni, kwa hiyo nitaandika ninavyoweza. Sitaandika alizaliwa lini wala ukoo wake, maana sikumwuliza. Nitaandika niliyoyaona, na nisichokiona nitasema sikukiona. Tena kuna jambo nililomkosea. Hilo nitaliandika pia, hata kama hakuna aliyeniuliza.

Enzi za Mjerumani, kwenye mteremko ulio kati ya Kwashemshi na Lutindi, palikuwa na misheni ndogo ambayo sasa zimebaki kuta mbili tu. Mchungaji wake alitaka divai ya Chakula cha Bwana itoke katika ardhi ileile waliyoikanyaga waumini. Ile iliyokuja kwa meli, alisema, ilifika imechoka. Akaagiza vijiti vya mizabibu, vikafika stesheni ya Korogwe ndani ya kasha, vimefungwa kwa matambara yenye maji. Mzee alikuja navyo. Alikuwa mpagazi tu, Mzigua wa Handeni, Mwislamu, na kasha lilikuwa kichwani mwake.

Yaliyofuata sikuyaona, niliambiwa na mpishi wa Mchungaji. Mchungaji alimwonyesha bondeni, kando ya kijito, penye udongo mweusi unaong'aa, akamwambia atue hapo. Mzee hakutua. Alichuchumaa na kasha lake kichwani, akachota udongo kwa vidole viwili, akauweka ulimini, akatema.

"Bwana, hapa vitanenepa," akasema.

"Ndicho ninachotaka," akajibu Mchungaji.

"Kwetu mwaka wa mvua nyingi matikiti huwa makubwa kama kichwa cha ng'ombe, ukila ni maji. Mwaka wa jua huwa kama ngumi, na ukila moja unamwita mwenzako. Hili tunda lako unataka liwe kubwa, au unataka liseme kitu?"

Mchungaji alicheka, lakini alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Alipanda nusu bondeni na nusu juu, kwenye changarawe nyekundu ambako hata mihogo ilikuwa ikikataa. Kwa miaka mitatu mizabibu ya bondeni ilikuwa kichaka cha kupendeza, na ile ya juu ilifanana na fimbo zilizosahauliwa. Mwaka wa nne ya bondeni ikashikwa na ukungu, vichala vikaoza kabla ya kuiva. Ya juu ilizaa vichala vidogo, vyeusi, punje zake kama za mwitu. Mchungaji aliikamua, akaonja, na siku ya pili akang'oa yote ya bondeni. Mpagazi hakubeba mzigo tena. Akaitwa Mzee wa Mizabibu, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi.

Mimi nilianza kazi pale nikiwa nimeshaolewa, tukiwa wanawake kumi. Kila mmoja alipewa mistari miwili. Yangu ilikuwa ya juu kabisa, chini ya mwamba, katika ile mistari sita ambayo divai yake iliwekwa katika pipa lake peke yake, pipa dogo.

Sijapata kumwona mtu anayetazama kitu kama yeye alivyotazama mzabibu. Alipogoa mara moja kwa mwaka, masika yakishakwisha, ili zabibu ziive wakati wa jua na zichumwe kabla ya vuli. Mizabibu ya huku ukiiachia huchanua tena vuli. Maua hayo aliyakata yote. "Ulale," aliuambia mti, kama mama anayemwambia mtoto mbishi. Majani ya upande wa asubuhi aliyapunguza ili jua dogo liingie, ya upande wa mchana akayaacha yawe kivuli. Mawe hakuyatoa. Sisi tuliozoea kuondoa mawe shambani tulidhani amechanganyikiwa, mpaka jioni moja alipotuambia tuweke viganja vyetu juu yake. Jua lilikuwa limezama na mawe yalikuwa bado ya moto.

"Hayo ndiyo mablanketi," akasema.

Punje zilipofikia ukubwa wa mtama alipita na kisu. Kila chipukizi aliiachia kichala kimoja, vingine akaviangusha chini vikiwa vibichi. Mara ya kwanza nilipoona hayo karibu nilie.

"Mzee, unatupa chakula!"

"Situpi, nachagua."

"Kwetu mtu akikata ndizi changa anapelekwa kwa wazee."

"Kwenu Washambaa ndizi inajilima yenyewe," akasema. "Ninyi mnakaa chini yake mnaimba, halafu mnasema mmelima."

"Na ninyi Wazigua mnajua nini? Kwenu kuna jua tu."

"Ndiyo hilo ninalolijua, Mshambaa. Jua."

Mwaka mmoja mvua iliangusha ukuta wa mawe uliozuia tuta, na mwamba ukabaki wazi kama mkate uliokatwa. Alituita wote tuache majembe tuje. Ndani ya ufa wa mwamba, mahali ambapo kisu kisingepita, mzizi wa mzabibu ulikuwa umeteremka, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mzee aliingia katika shimo lile, akasimama, akainua mkono. Mzizi ulikuwa umeanza juu ya vidole vyake na ulikuwa ukiendelea chini ya miguu yake. Alivua kofia.

"Tazameni anakokwenda kutafuta," akasema taratibu. "Ukimletea maji na chakula mlangoni, ataacha kwenda. Na ladha iko huko."

Ningependa kusema kwamba nilimwelewa. Nilishangaa tu. Kushangaa peke yake hakukutosha, kama itakavyoonekana.

Hakuwa mtu mtamu. Alikuwa na maneno makali kwa wanaochelewa, na mtu aliyevunja chipukizi alisemwa mpaka jioni. Mizabibu aliinong'oneza, sisi alitupigia kelele. Aliogopa punda. Alikuwa mchoyo wa maji shambani, lakini nyumbani kwake mgeni hakuondoka bila kula. Aliswali kati ya mistari, kwenye mkeka mdogo, na siku ya Chakula cha Bwana yeye ndiye aliyeuliza asubuhi kama kikombe kimepanguswa vizuri.

Na divai hakuionja kamwe. Siku ya kuchuma alibeba kikapu mpaka kizingiti cha nyumba ya mapipa, akakikabidhi ndani kwa mikono miwili, kisha akaenda kunawa. Harufu ya zabibu zilizochacha ilimfanya ageuze uso. Hata hivyo nilimkuta mara nyingi amesimama nje ya dirisha, ameziba pua kwa kitambaa, amelaza kichwa. Alikuwa akisikiliza pipa. Divai changa hutokota bila moto, inanguruma polepole.

"Leo imepumzika," alisema, au, "Leo ina haraka." Akaenda zake.

Wakati mmoja alikuja mgeni, Mjerumani mwenye shamba la katani huko Korogwe, mtu wa vicheko vikubwa. Mimi nilikuwa nikipeleka sahani, kwa hiyo hili nililiona. Alimiminiwa divai ya pipa dogo, akanywa katikati ya hadithi yake, na hadithi haikuendelea. Alinywa tena. Akatoka nje na glasi, akasimama akiutazama ule mteremko mwekundu muda mrefu sana. Alipomwona Mzee akamwuliza kwa Kiswahili kama yeye ndiye aliyelima. Mzee akakubali.

"Na wewe unaionaje?"

"Sijapata kuionja, Bwana. Dini yangu hairuhusu."

"Sasa unajuaje kama ni nzuri?"

"Sijui ladha yake. Najua malezi yake."

Mgeni alivua kofia. Nilimwona kwa macho yangu Mjerumani akimvulia kofia mtu aliyekuja pale kama mpagazi.

Lakini Mzee alitaka kujua, na aliyemjulisha ni mimi. Kila Jumatatu baada ya Chakula cha Bwana alikuja kwenye mistari yangu, akajifanya anafunga chipukizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jana ilikuwaje?"

Mara ya kwanza nilimjibu kwamba ilikuwa nzuri. Akakasirika. "Nzuri ni neno la mtu mvivu. Ilipoingia mdomoni ilifanya nini?"

Nikafikiri. "Ilikausha ulimi. Kama ganda la ndizi mbichi."

"Hilo ni ganda la zabibu. Halafu?"

"Halafu ikapata joto."

"Halafu?"

"Halafu, nilipokwisha kumeza, nikasikia kama jiwe. Jiwe la moto likinyeshewa mvua, ile harufu yake."

Alichukua kokoto moja chini, akaigeuza-geuza, akaitia mfukoni. Tangu siku ile alinifunza kutumia ulimi. Na mwezi wa Ramadhani, ambapo hakuweka kitu mdomoni mchana, mimi ndiye niliyeonja udongo kwa niaba yake. Wenzangu walinicheka sana. "Mshambaa amekuwa mjusi," walisema. Sikujali. Nilikuwa ulimi wa Mzee wa Mizabibu, na sidhani kama nimepata cheo kingine maishani.

Mwaka wa mwisho kabla ya vita Mchungaji alitukusanya. Alisema Mkuu wake atakuja kutoka Ulaya kukagua kazi. Mkuu huyo alikuwa ameandika kwamba mteremko ule ungefaa kahawa, na kwamba divai inaweza kununuliwa. Mchungaji alimwomba aionje kwanza ile ya pipa dogo, divai ya mwaka ule. Ikimridhisha, mizabibu itabaki na Mzee atabaki. Isipomridhisha, itang'olewa.

Mzee alisikiliza, akarudi kufanya kazi ileile kwa namna ileile. Hakuongeza kitu. Hilo ndilo lililonitisha. Kwetu, ukitaka mgomba ukuzalie vizuri kwa ajili ya mgeni mkubwa, unauongezea. Unauletea samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, unaushibisha. Nimelelewa hivyo, mama yangu aliitunza migomba yake kuliko alivyojitunza. Na mistari yangu miwili mwaka ule ilionekana dhaifu kuliko yote, majani yamepauka, vichala vidogo. Mwenzangu wa mstari wa jirani aliniambia, "Mizabibu yako imekonda kama mumeo." Nilicheka pamoja nao. Moyoni sikucheka.

Kila Ijumaa Mzee alishuka Korogwe kuswali tangu alfajiri, akarudi jioni. Ijumaa ya kwanza nilichukua samadi ya mbuzi nyumbani kwa mama, nikailoweka katika debe, nikawahi shambani kabla ya wenzangu. Niliinua mawe, nikamwagia mashina, nikarudisha mawe. Nilifanya hivyo Ijumaa nne. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Katikati ya mwezi akanijia. "Onja pale juu, uniambie."

Nilionja. Udongo ulikuwa mzito, una uchungu wa zizi.

"Ni uleule, Mzee," nikasema.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Nilijiambia kwamba namwokoa.

Mizabibu yangu ikawa kijani kibichi. Punje zikavimba, zikang'aa, vichala vikaning'inia kama vya kuchorwa. Mchungaji alipopita alipiga makofi, akaniita mfano kwa wengine. Mzee alisimama mbele ya mistari yangu, hakugusa kitu. Mwezi ulikuwa umeshaandama na mfungo umekwisha, angeweza kuonja udongo mwenyewe. Hakuinama. Siku ya kuchuma alimwendea Mchungaji.

"Bwana, hizi za mistari miwili tuziweke mbali."

"Kwa nini? Ndizo nzuri kuliko zote."

"Ni kubwa, Bwana."

"Basi? Kuna tatizo gani?"

Mzee alinitazama. Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini aliyevunja amri ya shamba alifukuzwa siku hiyohiyo, na mume wangu alikuwa mgonjwa, hilo Mzee alilijua. Akatazama chini.

"Hakuna tatizo, Bwana," akasema.

Zikamwagwa pamoja. Theluthi nzima ya pipa dogo ilikuwa yangu.

Mkuu alikuja wakati wa masika, viatu vyake vimejaa tope jekundu. Alionja akiwa amesimama. Hakutema wala hakukunja uso. Alisema kitu kifupi kwa Kijerumani, na Mchungaji akawa mwekundu. Mpishi alitutafsiria baadaye: maji yenye rangi.

Mchungaji alimwita Mzee mbele yetu sote. "Ni udongo uleule. Ni mizabibu ileile. Nani ameiharibu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mzee akawahi.

"Shamba ni langu, Bwana. Kosa ni langu."

Mdomo wangu ukajifunga.

Pipa lile halikumwagwa. Lilitumika kanisani. Pasaka nilipiga magoti, nikapokea kikombe, na nikaonja nilichokifanya. Kilikuwa laini, kitamu kidogo, kikapita. Hakuna ganda, hakuna joto, hakuna jiwe. Nililia, na watu wakadhani ni kwa ajili ya mateso ya Bwana.

Jumatatu Mzee alikuja. Mashimo ya kahawa yalikuwa yameshaanza kuchimbwa chini ya mteremko.

"Jana ilikuwaje?"

"Nzuri, Mzee."

Nilingoja aseme, "Halafu?" Hakusema. Alifunga chipukizi moja, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akateremka. Hakuniuliza tena. Mwezi ule akafunga mkeka wake na kisu chake cha kupogolea, akavuka mto kurudi Handeni.

Vita vikaja. Mchungaji alichukuliwa na Waingereza, kahawa ikafa kwa magugu. Mistari sita ya juu haikung'olewa, kwa sababu mashimo ya kahawa yasingechimbika katika mwamba ule. Mume wangu alikuwa amefariki. Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, nilipanda huko na kisu cha jikoni nikaipogoa mistari yangu miwili. Sikuweka kitu. Maua ya vuli niliyakata. Kila chipukizi niliiachia kichala kimoja, nikaviangusha vingine, na waliopita njiani waliniuliza kama nimerukwa na akili. Mrututu, ile dawa ya ukungu ya kunyunyizia, sikuwa nao, lakini pale juu upepo hukausha majani. Zabibu za mwaka ule zilikuwa na maji. Za mwaka uliofuata pia. Nilionja kila msimu, nikarudi nyumbani. Mwaka wa nne nilitafuna punje moja, nikakaa chini palepale juu ya mawe.

Nilifuma kikapu, nikatandika majani ya mgomba, nikaenda Handeni kwa miguu.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, upande wa Kabuku, akisuka ukili. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Nywele sasa zilifaa jina lake.

"Shikamoo, Mzee."

Mikono ikasimama. "Marahaba. Mshambaa, umefuata nini huku?"

"Nimefuata jua. Kwetu limepungua."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaita nipewe maji na ugali wa mtama, akataka nile kwanza. Nilikula nisijue nakula nini. Kisha nikamwekea kichala mikononi. Alikipima kwa kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya punje, akachuma moja, akaiweka mdomoni. Hakutafuna upesi. Alitenga ganda, akalitafuna peke yake kwa meno mawili matatu yaliyobaki pembeni. Kokwa alizitema kiganjani akazigusa.

Nilitaka kusema. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mzee, mimi mwaka ule..."

Aliinua mkono. Akachukua punje ya pili, akaitafuna vilevile mpaka mwisho.

"Mistari miwili ya juu," akasema. "Samadi imekwisha."

Hakuwahi kuambiwa na mtu. Hakuna aliyejua ila mimi, mama yangu aliyekwisha kufa, na ardhi ile.

Machozi yalinitoka, nayo hakuyaona, au alijifanya hayaoni. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaufungua, akaweka punje moja kiganjani.

"Kula," akasema. "Mimi ulimi wangu umezeeka. Ikoje?"

Nikala. Nikamwambia kwamba ganda linakausha.

"Halafu?" akasema.